Jumapili Vita Vilipokosa Mshindi

Leo nawaomba mwende nami mpaka Uingereza, katika mji mdogo uitwao Alcester, siku ya Jumapili tarehe 23 Oktoba mwaka wa 1642. Ni saa za alasiri, na watu wamo kanisani. Mhubiri ni kijana wa miaka 26, jina lake Richard Baxter, ambaye amekuja kuhubiri kwa niaba ya rafiki yake, mchungaji Samuel Clarke. Katikati ya mahubiri watu wanasikia mngurumo kutoka mbali. Si radi. Ni mizinga.

Baxter mwenyewe aliandika habari za siku ile alipokuwa mzee. Asema kwamba ibada ilipokwisha mngurumo ulizidi kusikika, na kila mtu akatamani kujua mambo yamekwendaje. Jua lilipokuwa likitua wakaja wapanda farasi wakikimbia, wakapita katikati ya mji. Hao walikuwa askari wa Bunge. Wakaulizwa habari, wakajibu kwamba yote yamepotea: jeshi la Bunge limevunjika, na magari ya mizigo yametekwa na kuporwa. Wakaja wengine nyuma yao, nao wakasema vivyo hivyo. Hakuna hata mmoja aliyeleta habari nyingine.

Watu wa Alcester hawakuridhika. Wakamtuma mtu aende mpaka Stratford-upon-Avon akaulize habari za hakika. Alirudi yapata saa kumi ya alfajiri. Kumbe maneno ya wale waliokimbia yalikuwa kweli nusu, na nusu ile nyingine si kweli hata kidogo. Na tukitaka kufahamu vita vya Edgehill, hatuna budi kujua nusu hizo mbili zilitoka wapi.

Vita hivi vilikuwa kati ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge lake. Mfalme alikuwa ametawala miaka 11, tangu 1629 mpaka 1640, bila kuliita Bunge hata mara moja. Alitoza kodi ambazo watu walisema hana haki ya kuzitoza, na mwaka wa 1637 alijaribu kuwalazimisha Waskoti wasali kwa kitabu cha ibada wasichokitaka. Sina nafasi ya kueleza yote. Ila napenda tukumbuke neno moja, maana linatugusa: pande zote mbili zilikuwa za Wakristo, na za Waprotestanti. Upande mmoja walilipenda Kanisa lenye maaskofu na kitabu cha sala. Upande wa pili wengi walitaka litengenezwe upya. Anglikana wa leo anaposoma sala za kitabu cha 1662, na Mpresbiteri anaposhika Ungamo la Imani la Westminster lililotungwa vita vikiendelea, kila mmoja anashika urithi wa watu waliochinjana. Hao wote ni babu zetu katika imani. Tusiwachague nusu tukawakana nusu.

Basi katikati ya mwezi wa Oktoba mfalme alitoka Shrewsbury akiuelekea mji wa London. Lodi Essex, mkuu wa jeshi la Bunge, alitoka Worcester wiki moja baadaye ili amzuie. Majeshi yale yalitembea karibu karibu bila kujuana. Usiku wa Jumamosi watu wa pande zote mbili waliotangulia kutafuta mahali pa kulala wakakutana katika kijiji kimoja, na hivyo ndivyo kila upande ulivyojua kwamba adui yuko pale pale. Asubuhi mfalme akapanga watu wake juu ya mwinuko mrefu uitwao Edge Hill. Chini yake kulikuwa na uwanda, na ng'ambo ya uwanda kijiji cha Kineton, ambako Essex alikuwa amelala. Sasa mfalme ndiye aliyekuwa kati ya Essex na London.

Kila upande ulikuwa na watu kati ya 12,000 na 15,000. Wengi walikuwa askari wa miguu, wenye bunduki za kuwashwa kwa utambi na mikuki yenye urefu wa mita 5 hivi. Lakini nguvu iliyotazamiwa kuamua mambo ilikuwa ya farasi. Mfalme alikuwa na wapanda farasi zaidi ya 2,500, Bunge zaidi ya 2,000. Mkuu wa farasi wa mfalme alikuwa Rupert, mtoto wa dada yake, kijana wa miaka 22. Rupert alikuwa amejifunza vita tangu utoto katika nchi za Ulaya, hata akawahi kutekwa na kufungwa. Alikuwa hodari kweli kweli. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, katika daraja la Powick karibu na Worcester, aliwatawanya farasi wa Bunge kwa muda mfupi, na tangu siku hiyo jina lake likawa la kutisha.

Alikuwa na kasoro moja ambayo si yake peke yake, bali ya mjomba wake pia: mfalme alikuwa amempa ruhusa ya kutopokea amri kwa mtu yeyote ila kwa mfalme mwenyewe. Jeshi lilikuwa na mkuu wake halali, Lodi Lindsey, mtu mzima aliyepigana nje tangu ujana wake. Asubuhi ile ile ya vita wakagombana juu ya namna ya kuwapanga askari. Mfalme akafuata maneno ya Rupert. Lindsey akasema kwamba, kama hastahili kuongoza jeshi, atakwenda kupigana kama kiongozi wa kikosi chake tu. Akashuka katika farasi wake, akachukua mkuki, akasimama pamoja na watu wa nyumbani kwake. Hata jioni ilipoingia alikuwa amejeruhiwa vibaya na kutekwa, na mwanawe alitekwa pia kwa sababu hakukubali kumwacha. Lindsey akafa kwa majeraha yale. Nyumba iliyogombana asubuhi haiwezi kwenda pamoja mchana.

Upande huo huo wa mfalme alikuwako mzee Jacob Astley, mkuu wa askari wa miguu. Kabla ya kuanza alipiga sala fupi sana, ambayo mpaka leo inakumbukwa kuliko risasi zote za siku ile. Alimwambia Mungu kwamba siku hii atakuwa na shughuli nyingi, na ikiwa yeye atamsahau, basi Mungu asimsahau yeye. Kisha akasimama, akawaamuru watu wake waende mbele. Wako wanaoicheka sala ile. Mimi siicheki. Ni sala ya mtu anayejijua.

Yapata saa tisa, baada ya mizinga kujibizana, Rupert akaondoka na farasi wa upande wa kulia. Alikuwa amewaagiza waende wamebanana, panga mkononi, na wasipige bastola mpaka wawe wameingia kati ya adui. Farasi wa Bunge waliokabiliana naye walikuwa wamefundishwa namna nyingine: wasimame mahali pao na kumpiga risasi anayekuja. Sasa fikiri, ndugu yangu. Umekaa juu ya farasi aliyesimama, na mbele yako ukuta wa farasi unakujia mbio, ardhi ikitetemeka. Unapiga bastola yako, risasi inakwenda hewani, na kabla hujashika ya pili wamekufikia. Hawakungoja. Waligeuka na kukimbia. Upande wa kushoto wa mfalme mambo yalikwenda vivyo hivyo. Katika dakika chache pande zote mbili za farasi wa mfalme zilikuwa zimeshinda.

Kulikuwa na kioja kimoja hapo katikati. Kikosi cha Sir Faithfull Fortescue, kilichokuwa upande wa Bunge, kilibadili upande farasi wa Rupert walipokaribia. Jina lake Faithfull, maana yake mwaminifu! Askari wa Bunge walijulikana kwa kuvaa vitambaa vya rangi ya machungwa, na baadhi ya watu wake, katika haraka ile, wakasahau kuvivua. Wakauawa na wale waliowakimbilia. Vita havina macho.

Sasa tumefika penye shina la mambo. Farasi wa Rupert walipowavunja adui hawakusimama. Wakawafuata mpaka Kineton, kilomita kadhaa nyuma ya uwanja. Huko wakakuta magari ya mizigo ya Lodi Essex, na wengi wakaanza kupora. Lakini jambo baya zaidi ni hili: nyuma ya farasi waliotangulia palikuwa na farasi wa akiba, waliowekwa wasiondoke mpaka waitwe. Hao nao, walipoona wenzao wanawakimbiza adui, hawakuvumilia. Wakadhani kazi imekwisha, na hakuna apendaye kukosa sehemu yake katika ushindi. Wakapiga farasi mbio, kulia na kushoto. Uwanjani hakubaki karibu farasi yeyote wa mfalme.

Lakini Bunge lilikuwa limebakiwa na farasi. Vikosi viwili, vya Sir William Balfour na Sir Philip Stapleton, vilikuwa nyuma ya askari wa miguu, na wimbi la kwanza halikuvigusa. Vikatoka hapo, vikawaangukia askari wa miguu wa mfalme ambao hawakuwa tena na wa kuwalinda. Balfour alipenya mpaka kwenye mizinga ya mfalme. Bendera ya mfalme mwenyewe ikatekwa, na aliyeichukua akauawa.

Huyo aliyeichukua alikuwa Sir Edmund Verney, na habari zake zanihuzunisha kuliko zote. Verney hakuamini kwamba mfalme ana haki katika ugomvi ule. Alimwambia rafiki yake waziwazi kwamba angependa mfalme akubali maombi ya Bunge. Lakini alikuwa amekula chakula cha mfalme karibu miaka 30, na dhamiri yake haikumruhusu kumwacha siku ya shida. Mwanawe mkubwa, Ralph, alikuwa mbunge, na alibaki upande wa Bunge. Basi baba akafa ameshika bendera ya upande ambao hakuusadiki, na mwana akatuma watu kuutafuta mwili uwanjani, wala haukuonekana. Bendera yenyewe ilirudishwa siku ile ile na kapteni mmoja wa farasi wa mfalme, John Smith. Verney hakuna aliyemrudisha.

Giza likaingia. Farasi wa Rupert wakaanza kurudi kidogo kidogo, wamechoka, hawawezi tena kupangwa na kupelekwa mbele. Kule Kineton walikuwa wamekutana na vikosi vya John Hampden vikija na mizinga, navyo vikawazuia. Askari wa miguu wa pande zote mbili walikuwa wamepigana mpaka baruti imekaribia kwisha. Wakasimama wakitazamana. Usiku ule ulikuwa wa baridi kali ya kugandisha, na wenye majeraha walilala pale walipoanguka. Mmoja wao, Sir Gervase Scrope, alivuliwa nguo na wanyang'anyi wa maiti na kuachwa kama mfu. Mwanawe alimtafuta kati ya maiti, akamkuta yu hai. Daktari wa mfalme, William Harvey, yule yule aliyetangaza mwaka wa 1628 jinsi damu inavyozunguka mwilini, aliona kwamba baridi ndiyo iliyozuia damu yake isimwishe.

Kulipokucha Baxter alitaka kuona kwa macho yake. Akaenda Edgehill. Akamkuta Lodi Essex na jeshi lake bado wako mahali pao, na jeshi la mfalme juu ya mwinuko, kama maili moja mbali. Na katikati ya majeshi hayo mawili maiti wapatao 1,000. Hakuna upande uliosogea. Yeye alikuwa wa upande wa Bunge, na jana jioni aliambiwa kwamba upande wake umekwisha.

Basi ile nusu ya kweli katika maneno ya wale askari ilitoka hapa: waliona upande wao umevunjika, wakaona magari yanaporwa. Hawakudanganya. Ila walikuwa wamegeuza migongo, na mtu aliyegeuza mgongo hawezi kuona mambo yanavyoishia. Lakini tazameni, Rupert na watu wake walikuwa na kosa hilo hilo. Nao waliona upande mmoja umevunjika, nao wakaondoka uwanjani wakidhani yamekwisha. Mwoga na shujaa walipita njia moja, barabara ya Kineton, mmoja akimkimbiza mwenzake, na wote wawili wakakosa habari.

Mimi naona kwamba vita vingeweza kumalizika pale. Kama nusu tu ya farasi wale wangegeuka na kurudi, jeshi la Essex lingekuwa hatarini sana. Wala upande wa Bunge haukuwa na la kujivunia: Essex, ingawa aliongezewa vikosi vipya, aliondoka kwenda Warwick na kuiacha wazi njia ya London. Rupert akataka kukimbilia London mara moja na watu 3,000. Mfalme akashauriwa asikubali. Akaenda polepole, akateka Banbury, akaingia Oxford. Alipofika Turnham Green, karibu na London, ilikuwa tarehe 13 Novemba, Jumapili tena, wiki tatu kamili baada ya Edgehill. Watu wapatao 24,000 walikuwa wamejipanga wakimngoja, na wenyeji wa mji wakiwaletea chakula. Mfalme akageuka nyuma. Hakuikaribia London tena akiwa na jeshi. Alirudi huko kama mfungwa, na tarehe 30 Januari 1649 akakatwa kichwa. Vita vyote, pamoja na vile vilivyofuata mpaka 1651, vilikula watu ambao mwanahistoria mmoja huwakadiria kuwa karibu 190,000 katika Uingereza peke yake, kwa silaha na kwa magonjwa.

Yuko mtu mmoja aliyejifunza jambo siku zile za mwanzo. Oliver Cromwell alikuwa kapteni wa kikosi kidogo upande wa Bunge. Miaka mingi baadaye alisimulia jinsi alivyomwambia Hampden kwamba watumishi wazee na wauza pombe walioandikwa na Bunge hawatawaweza vijana wa kiungwana wa mfalme; watafutwe watu wenye kumcha Mungu, wanaojua wanapigania nini. Akawatafuta. Lakini hakuwafundisha kukimbia mbele tu, bali pia kusimama wakiisha kushinda, kujipanga upya, na kungoja amri. Hili la pili ni gumu zaidi. Marston Moor, mwaka wa 1644, farasi wake walishinda upande wao, wakajipanga tena, wakageuka kuwasaidia wenzao. Naseby, tarehe 14 Juni 1645, Rupert alivunja tena farasi waliokuwa mbele yake, na tena akawafuata mpaka kwenye magari ya mizigo. Aliporudi jeshi la mfalme lilikuwa limekwisha. Miaka karibu mitatu ilikuwa imepita tangu Edgehill! Sisemi Cromwell alikuwa malaika. Watu wa Drogheda, katika Ireland, walimwona mwaka wa 1649 kwa sura nyingine kabisa. Nasema habari za farasi tu.

Bado kuna watoto wawili sijawataja. Mfalme alikuja Edgehill na wanawe, Charles wa miaka 12 na James wa miaka 9, na inasimuliwa kwamba daktari Harvey ndiye aliyewalinda, amekaa nao chini ya uzio wa miti akisoma kitabu, mpaka risasi ya mzinga ilipoanguka karibu wakahama. Wote wawili baadaye wakawa wafalme. Chini ya yule wa kwanza, mwaka wa 1662, wachungaji wapatao 2,000 waliondolewa makanisani kwa sababu ya dhamiri zao, na Baxter alikuwa mmoja wa wale walionyamazishwa. Chini ya yule wa pili, mwaka wa 1685, Baxter, mzee na mgonjwa, alisimamishwa mbele ya hakimu Jeffreys, akatukanwa mbele ya watu, akafungwa. Watoto wale na mhubiri yule walisikia mizinga ile ile, Jumapili ile ile.

Leo sehemu ya uwanja wa Edgehill imezungushiwa ua, na ndani yake mna ghala la silaha la jeshi la Uingereza. Chini ya mwinuko kuna kijiji cha Radway, na katika kanisa la kijiji hicho ipo sanamu ya jiwe ya kapteni Henry Kingsmill, wa jeshi la mfalme, aliyeuawa kwa mzinga siku ile. Mama yake ndiye aliyeiweka, mwaka wa 1670.